Mkate wa Ain Zarqun

Sehemu ya Tisa

Karatasi bado ziko mkononi mwa Fizza, wasomaji wangu.

Zilitoka ndani ya bitana ya koti la Munsif. Alikuwa ameupasua mshono kwa mkasi wa ofisini, akachomoa karatasi mbili zilizokunjwa mara nne, akaziweka mezani. Vyeti vya ubora wa ngano. Saini zilikuwa zimefifia kwa jasho na kuwa madoa, lakini muhuri wa buluu ulisomeka bila taabu: Roshanali na Wanawe, Wauza Nafaka, Vaughan.

Roshanali ni baba yake Fizza.

"Unawajua hawa?" Munsif aliuliza.

Fizza alikuwa na miaka ishirini na saba, msaidizi wa wakili katika ofisi ya ghorofani huko Parkdale, Kanada, juu ya duka la kufulia nguo. Kwa miezi minne alikuwa ameliandaa faili la mtu huyu. Alijua siku aliyozaliwa, kovu la begani mwake na namba ya selo yake gerezani. Kesho yake, saa tatu asubuhi, Munsif angeketi mbele ya Bodi ya Wakimbizi, na faili lilikosa kitu kimoja tu, yaani ushahidi.

"Siwajui," Fizza akasema.

Uongo ule ulimtoka mwepesi kama salamu.

"Mbona hukunionyesha mapema?"

"Watu watatu tu walijua ninazo. Wawili wamekufa, wa tatu ni mimi."

"Nieleze zinasema nini."

"Meli moja, tarehe moja, mzigo mmoja," Munsif alisema. Kiingereza chake kilikuwa cha kujifundisha, na kila neno alilikanyaga kwa uzito. "Cheti hiki kinasema ngano ya mkate, daraja la kwanza. Hiki kilikwenda wizarani ili serikali ilipe. Hiki kingine kinasema ngano ya mifugo. Hiki kilibaki kwenye kabati la mwenye kinu, pamoja na nakala ya kile cha kwanza, na humo ndimo nilimovichukua."

"Na wewe ulikuwa nani pale kinuni?"

"Kuli." Akatabasamu bila furaha. "Nina shahada ya kilimo. Nilifanya mtihani wa ajira ya serikali mara sita, nikafaulu mara sita, na mara sita kazi akapewa mtu mwenye kadi ya chama au mwenye mjomba. Nikaenda kubeba magunia. Shahada yangu ilinifaa siku moja tu, siku nilipochota ngano kiganjani nikajua ni chakula cha ng'ombe."

Kinu kilikuwa mali ya Shakib, mkwe wa mkuu wa mkoa. Kibali cha ngano kilikuwa chake, cha saruji chake, cha visima chake. Watu wa Ain Zarqun walimwita Bwana Kibali. Maji ya mji yalifungwa siku nne kwa wiki ili mashamba yake ya matunda ya kuuza Ulaya yasikauke.

"Mkate ukaanza kunuka," Munsif akaendelea. "Tulikula hivyo hivyo. Kisha serikali ikatangaza kwamba ruzuku ya unga ni mzigo, bei ikapanda maradufu. Watu wakaandika barua. Walioandika waliitwa kituoni, wakarudi hawana meno. Wazee wakaenda kwa mkuu wa mkoa. Aliwasimamisha juani mpaka adhuhuri, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma. Ndipo tulipoingia barabarani. Redio ikasema tumelipwa na mabeberu."

"Na Habib?"

"Habib hakuandamana. Ndugu yangu alikuwa mwalimu wa muda. Miaka tisa, bado wa muda! Aliogopa kunyimwa mkataba. Alikuwa kwenye foleni ya mkate."

 Yaliyobaki Fizza aliyajua kutoka kwenye faili. Risasi mbili, mbele ya tanuri, mfuko wa mkate mkononi.

Fizza akazikunja karatasi, akazitia mfukoni, akavaa koti lake, akatoka bila kuaga.

*

Saa kumi na moja jioni alikuwa Vaughan, jikoni kwa wazazi wake, hata viatu vyake vilivyojaa matope ya theluji hajavivua. Mama yake, Mehrunissa, alikuwa akikunja sambusa za hitima ya kesho kwenye ukumbi wa jumuiya. Baba yake alikuwa na kikombe cha chai ya tangawizi.

"Baba, ngano ya Ain Zarqun ilikuwa ya nini?"

Kikombe kikaishia njiani.

"Nani kakwambia jina hilo?"

Hakuuliza ni mji gani. Wala hakuuliza ngano ipi. 

"Kwa hiyo ni kweli."

"Kweli ipi? Mimi nauza nafaka. Mnunuzi akitaka cheti kimoja, nampa kimoja. Akitaka viwili, nampa viwili. Biashara ya kule ndivyo inavyokwenda, na usipoifanya wewe ataifanya Mturuki."

"Watu waliila, Baba!"

"Ng'ombe wanaila na hawafi."

"Roshanali!" Mehrunissa alisema, akaiacha sambusa wazi.

Mzee akakiweka kikombe chini kwa kishindo. Alikuwa na miaka sitini na sita, na alipokasirika Kiswahili chake kilirudi Tanga chote.

"Unataka kunifundisha dhuluma wewe? Babu yako alilala rumande miezi minane, mwaka themanini na tatu. Mhujumu uchumi! Kwa katoni sita za sabuni na madebe mawili ya mafuta. Jirani yetu alikuwa na bohari nzima ya sukari na hakuguswa, maana alikuwa rafiki wa wakubwa. Nilikuwa kijana, nikimpelekea babu yako chakula kituoni, na askari wanakila mbele yangu. Siku ile nikajua. Anayefungwa si mwizi. Anayefungwa ni asiyejuana na mwenye muhuri."

"Ndiyo ukamtafuta mwenye muhuri."

"Nikawalisha ninyi!"

"Kuna mtu ana vyeti vyote viwili, Baba. Kesho nitavipeleka mbele ya Bodi."

Roshanali alikisukuma kikombe kando. Kisha akacheka, kicheko kikavu kisichofika machoni, akaenda chumbani na kurudi na faili la kijani.

"Peleka. Ila kabla hujapeleka, soma nani katia saini."

Nakala hizi hazikuwa zimelowa jasho. Wino ulikuwa mweusi, safi. F moja yenye mkia mrefu, kisha jina la ukoo, na chini yake: Mkurugenzi.

Ilikuwa saini ya Fizza mwenyewe.

 Akakumbuka. Miaka mitano nyuma, mwaka wake wa mwisho chuoni, baba yake alimfuata kwa gari hadi nje ya maktaba, akiwa na boksi la biskuti za nankhatai kutoka kwa mama na rundo la karatasi. Tia hapa, mwanangu, na hapa, mambo ya ofisi tu haya. Fizza alikuwa na mtihani baada ya nusu saa. Alitia saini huku akitafuna.

"Zilikuwa tupu," alisema. "Ulinipa karatasi tupu!"

"Nawe ukatia saini."

"Kwa nini jina langu?"

"Wewe ni mkurugenzi wa kampuni hii tangu ulipotimiza miaka kumi na minane. Una hisa. Ada ya chuo unadhani ilishuka na mvua?"

Fizza akamgeukia mama yake. Mehrunissa ndiye aliyemfundisha kusali, ndiye asiyekosa majlisi ya maombolezo hata barafu ikifika magotini, ndiye aliyelia kila mwaka kwa ajili ya waliodhulumiwa. Sasa alikuwa akifuta unga mikononi, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Chana," Mehrunissa akasema.

"Mama?"

"Chana za huyo mtu. Sasa hivi. Nani atajua?"

"Atarudishwa kwao, Mama. Watamuua."

"Na wewe watakufunga. Yeye ana mama yake wa kumlilia."

"Mama yake alikufa akiwa bado anamsubiri atoke gerezani. Nimeandika mimi mwenyewe kwenye faili."

 Mehrunissa alirudi kwenye sambusa zake, akachukua nyingine, akaikunja vibaya.

Fizza akalichukua faili la kijani mezani, akalibana kwapani.

"Ukivuka mlango na faili hilo," Roshanali akasema, "usirudi hapa."

Fizza akauvuka.

*

Asubuhi, kwenye korido ya Bodi, wakili Derek alikuwa na kahawa mbili na uso wa mtu aliyepokea habari mbaya.

"Umesikiliza taarifa ya habari? Rais wao amekimbia. Serikali imeanguka jana usiku."

Munsif alikuwa ameketi kwenye benchi, simu gotini. Kwenye kioo chake watu walikuwa wakicheza juu ya kifaru, wakipeperusha bendera. Yeye hakuwa akicheza.

"Si habari njema hiyo?" Fizza aliuliza.

"Kwao ni njema. Kwa kesi yetu ni sumu," Derek akasema. "Mjumbe atamuuliza unaogopa nini tena, na sisi hatuna kitu mkononi."

"Tuna kitu."

Fizza akalifungua faili la kijani, akamweleza yote. Hakuzunguka. Derek alisikiliza huku kahawa ikimpoa, naye akizidi kupauka.

"Unaelewa ulichoniambia? Kuanzia sasa wewe si msaidizi wangu kwenye kesi hii. Wewe ni shahidi. Na ukitoka humo ndani, polisi wanaweza kukubishia hodi."

"Naelewa."

"Basi kamwambie mwenyewe. Sitamwambia mimi."

Fizza akaenda kwenye benchi. Alisimama, hakuthubutu kuketi.

"Jana nilikwambia siwajui," alisema. "Nilidanganya. Roshanali ni baba yangu. Na saini ile ni yangu."

Munsif hakumtazama usoni. Alitazama mikono yake.

"Kabla jasho halijaifuta niliisoma," alisema. "Niliitambua F tu. Nilidhani F ni Frank. Gerezani nilimtukana Frank kila asubuhi, kwa miaka mitatu. Akilini nilimpa uso mwekundu, na tumbo kubwa." Akainua macho. "Kumbe F ni wewe. Wewe unayeniletea tambi mchana."

"Sikujua nilichotia saini."

"Mwalimu wa muda hakujua, mwoka mkate hakujua, askari aliyepiga risasi alisema hakujua. Ni Bwana Kibali peke yake aliyejua." Akaizima simu. "Unataka nikuhurumie?"

"Hapana."

"Vizuri. Ingia. Ukaseme mbele yao."

Mjumbe wa Bodi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na sauti ya upole, na swali lake la kwanza lilikuwa lile lile walilolihofia. Serikali uliyoikimbia haipo tena. Unaogopa nini?

"Rais amepanda ndege," Munsif akajibu. "Mkuu wa mkoa hakupanda. Shangazi yangu ameniambia leo alfajiri kwamba amebadilisha picha ukutani kwake, basi. Polisi ni wale wale. Aliyempiga Habib risasi amepandishwa cheo, na mimi ndiye niliyelitaja jina lake mahakamani. Wanaocheza juu ya kifaru ni vijana wa mji mkuu. Mji wangu haujafikiwa hata na umeme wa kuwaonyesha hao vijana."

"Na hivi vyeti? Nitajuaje kwamba hukuvitengeneza mwenyewe?"

Derek akasimama. "Tunaye aliyevitia saini."

Fizza akaketi kwenye kiti cha shahidi. Mjumbe akamwonya kwamba hakulazimika kujibu, kwamba anachosema kinaweza kumgeukia. Fizza akaitikia kwa kichwa. Akatoa faili, akaonyesha nakala safi, barua za Shakib, jina la meli, na muhuri wa kampuni ambayo hadi jana hata yeye mwenyewe hakujua ni ya kwake.

"Nani alitia saini?"

"Mimi."

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili."

Mjumbe akaiweka kalamu chini. Mkalimani akajisahau, hakutafsiri. Munsif hakuhitaji.

Walitolewa nje kwa dakika arobaini. Walipoitwa tena, mjumbe alisoma uamuzi wake palepale. Maombi ya Munsif yamekubaliwa. Kanada itamlinda.

Derek alimkumbatia. Munsif alisimama kama gunia, mikono imening'inia.

*

Kwenye ngazi za nje upepo ulikuwa unakata masikio. Derek alikuwa ameshaondoka kwenda kumtafutia Fizza wakili wa jinai.

"Sijakusamehe," Munsif alisema.

"Sijaomba."

"Nipeleke kwa baba yako."

"Kufanya nini?"

"Nina swali moja. Nataka aniambie kama kwake nyumbani walikula ule unga. Hata mara moja. Hata kwa bahati mbaya."

Fizza alijua hapo angekataa mtu mwenye akili. Lakini alikuwa hajalala, kazi pengine ilikuwa imekwisha, kwao alikuwa amefukuzwa, na swali lile hata yeye alitaka jibu lake. Wakapanda treni ya chini ya ardhi mpaka mwisho wa njia, kisha basi.  Munsif alisimama ingawa viti vilikuwa vitupu.

Nje ya nyumba ya Roshanali palikuwa na gari jeusi la kukodi, na kwenye ngazi mabegi mawili makubwa ya ngozi, vibandiko vya uwanja wa ndege bado vimening'inia. Fizza akafungua kwa ufunguo wake. Ndani palinukia kababu. Mlangoni kulikuwa na jozi ya viatu vya kiume vinavyong'aa, soli nyembamba, viatu vya mtu asiyejua theluji.

Mehrunissa alitokea koridoni, ushungi umemteleza.

"Fizza, si sasa. Nenda. Nakuomba, mwanangu, nenda."

"Nani yuko ndani?"

"Mgeni wa baba yako."

Fizza akampita.

Sebuleni, kwenye kiti cha baba yake, kiti ambacho hata watoto wa nyumba hawakuthubutu kukikalia, alikuwa ameketi mwanamume wa miaka arobaini na kitu mwenye suti nzuri iliyokunjamana kwa safari. Roshanali alikuwa amesimama. Ndani ya nyumba yake mwenyewe alikuwa amesimama, birika mkononi, akimmiminia mgeni chai.

Fizza hakuhitaji kutajiwa jina. Picha yake aliibandika yeye mwenyewe kwenye faili, ukurasa wa kumi na mbili.

Siku moja kabla rais hajakimbia, Bwana Kibali alikuwa ameshapanda ndege. Alikuwa na viza halali ya biashara. Barua ya mwaliko iliandikwa Vaughan.

"Ah, mkurugenzi wangu!" Shakib akasema kwa Kiingereza laini, akiinuka nusu. "Hatimaye tunaonana. Baba yako ananiambia unafanya kazi kwa wakili wa wakimbizi. Mungu ni mkubwa! Nimepoteza kila kitu. Wamechoma kinu changu, wamechoma nyumba yangu. Maisha yangu yako hatarini kwa sababu za kisiasa. Ndivyo mnavyoandika, sivyo? Kwa sababu za kisiasa?"

Roshanali alimtazama binti yake. Jana alimfukuza. Leo macho yake yalikuwa yakiomba.

"Msaidie, mwanangu," alisema kwa Kiswahili, sauti chini. "Akianza kuongea huyu, sisi sote tumekwisha."

 Nyuma yake Fizza alisikia pumzi ya mtu. Munsif alikuwa amefika kwenye mlango wa sebule.

Shakib alimtupia jicho mara moja, kutoka kichwani hadi kwenye soksi zilizolowa. Hakumtambua. Makuli walikuwa mia mbili pale kinuni, na hakuwahi kumtazama hata mmoja usoni.

"Na huyu ni dereva wako? Mwambie aniingizie mabegi. Nje kuna baridi, yana vitu vya thamani."

Hakuna aliyetikisika. Mehrunissa alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya ushungi.

Munsif akageuka. Akatoka nje, akarudi na begi la kwanza begani, kama mtu anayeijua kazi hiyo. Akaliweka taratibu karibu na viatu vinavyong'aa. Akatoka tena, akarudi na la pili.

Kisha akaufunga mlango wa mbele, akakaza komeo, na akaanza kuvua koti lake; swali lake alikuwa bado hajaliuliza.